Mwito wa Tatu

Taa ya Mbodze ilikuwa na ugonjwa wake peke yake. Taa za watu wengine Kibuyuni zikiwaka zimewaka, zikizima zimezima, watu wakalaani kidogo wakalala. Ya Mbodze ilififia mara mbili, ya kwanza na ya pili zikifuatana kama mtu anayepepesa macho, kisha ikasimama ikaangaza kana kwamba haikufanya kitu. Ukikaa kidogo, inarudia. Mara mbili, kisha kimya. Ilikuwa hivyo tangu kusi ilipoanza kuvuma mwaka huu, na mtaa mzima ulikuwa ukiiogopa taa ile isipokuwa mwenyewe. Yeye alikuwa akiikalia. Magharibi ikikaribia aliweka mbuzi yake ya kukunia nazi chini ya glopu, akakaa, akakuna huku macho ameyainua juu, na waliopita nje waliharakisha miguu.

"Atapofuka yule," alisema Jumwa, jirani yake aliyelima naye mwani, ambaye ulimi wake haukuwa na kufuli. "Anaitazama glopu kama anatafuta mwezi wa Idi."

Lakini hakuyasema hayo mbele ya Mbodze. Jumwa naye alijua taa ile inasema nini, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga dirisha jua likizama.

Stima yenyewe ilitoka baharini. Huko nje ya mwamba, mahali mawimbi yanapoanza kuvunjika, mradi ulikuwa umeweka maboya ya manjano, makubwa kama vibanda vya kuku, kila moja limefungwa kwa mnyororo kwenye jiwe la saruji lililolala chini. Wimbi likija linalinyanyua boya, boya linavuta mnyororo, mnyororo unazungusha mtambo uliomo tumboni mwa boya, na stima inakuja pwani kwa waya uliofukiwa mchangani. Siku ya kwanza walipoelezwa hayo, watu wa Kibuyuni walicheka mpaka wakashika mbavu. Bahari itoe moto? Basi na jiko litoe samaki! Taa zilipowaka, waliocheka zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kununua friza. Ndivyo walimwengu walivyo.

Safu ya nyumba za mwisho, alikokaa Mbodze, ilipewa boya la mwisho, na betri zilizoahidiwa kuwekwa katikati hazijaonekana hadi leo. Kwa hiyo safu ile ilikula na bahari sahani moja. Wimbi likiinuka taa inang'aa, wimbi likilala taa nayo inasinzia. Watu walizoea. Nyumba ya Mbodze ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye waya, stima ikiifikia imechoka, na mtikisiko ambao jirani hakuuona, kwake ulionekana.

Sasa maboya, kama ndevu za mtu mvivu, huota. Chaza wanashika, majani yanashika, boya linakuwa zito na stima inapungua. Lazima yakwanguliwe. Na kinyozi wao alikuwa Nzai Boga, mumewe Mbodze, mtu mwembamba mwenye kifua cha kupigia mbizi na maneno mengi. Alikwenda kwa mtumbwi wake mdogo, akajifunga kamba kiunoni, akaifunga kamba ile kwenye mnyororo ili mkondo usimchukue, akazama na chuma chake cha kukwangulia. Kamba aliifunga kwa fundo alilofundishwa na mkewe, fundo lile lile wanawake wanalofungia mwani kwenye kamba za mashamba yao ya baharini. Ukilivuta linakaza. Ukijua pa kugusa, linafunguka kwa kidole kimoja. Nzai alijisifu kwa fundo lile mpaka msikitini. "Mwanamume gani mwingine hapa amefundishwa kazi na mkewe akakubali?" alikuwa akiuliza, na watu wakimcheka, naye akicheka kuliko wao.

Kusi ya mwaka jana, ikikaribia kwisha, ndiyo iliyomchukua. Jioni hiyo Mbodze alikuwa nyuma ya nyumba akikuna nazi ya wali. Jua limekwisha zama, upepo unatoka baharini, muadhini bado hajapanda. Akasikia, "Mbodze!" Sauti ya Nzai, wala si ya mwingine. Akainua kichwa. "Mbodze!" Mara ya pili.

Naye hakuitika.

Msimlaumu kabla hamjajua. Pwani hii hakuna mtoto asiyefundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kunawa mikono: ukiitwa wakati wa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike mpaka uitwe mara tatu. Shetani huita mara moja, akizidi mara mbili. Mara ya tatu haiwezi. Ukimwitika umekwisha, umejitoa mwenyewe, utakwenda anakokwenda. Nyanyake Mbodze alimfinya sikio kwa somo hilo, na sikio halikusahau. Akasimamisha mikono yake juu ya mbuzi, tui likimchuruzika vidoleni, akangoja mwito wa tatu. Haukuja. Akasoma alichokijua cha kusoma, akaendelea kukuna.

Wali ukaiva ukapoa. Mumewe hakurudi.

Mtumbwi ulikutwa kesho yake umepinduka, upande wa Funzi. Kusi hubeba kila kitu kaskazini, hilo hata kuku wa Kibuyuni wanalijua, kwa hiyo walimtafuta kaskazini. Walitafuta Funzi, wakatafuta Msambweni, wakatuma salamu mpaka Diani kwa vijana wa mahoteli. Hakuna aliyetazama chini ya boya, na atazame kwa nini? Mtumbwi ulikuwa umekwisha sema. Na bahari siku zile ilikuwa chafu na kali, mtu akizamisha mkono hauoni.

Mbodze hakuficha kitu. Usiku ule ule aliwaambia wote alivyoitwa na alivyokaa kimya, na kijiji kizima kikamfariji. Hapo ndipo palipomuua. "Alhamdulillahi hukuitika," walimwambia. Suleiman, kakake Nzai, mtu wa saumu na swala, alimshukuru Mungu mbele ya watu. "Shemeji, ungeitika leo tungekuwa tunawatafuta wawili." Mbodze alikuwa akitikisa kichwa, akisema amina, na moyoni akiwachukia kila mmoja wao, na kujichukia yeye zaidi. Kwani kama alikuwa ni Nzai? Kama alikuwa ni mtu, anaita mkewe apige ukelele, na wanaume wako pale pale pwani wanatawadha, na madau yamelala mchangani?

Kaskazi ikaja, bahari ikalala, taa zikatulia. Kisha kusi ya mwaka huu ikaamka, mawimbi yakapanda juu ya mwamba, na jioni moja, mikono yake ikiwa kwenye nazi, glopu ikafifia. Ikafifia tena. Ikasimama.

Mbodze aliijua sauti ile hata ilipokuja bila sauti. Mwendo wake ulikuwa ule ule, na nafasi katikati ile ile. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: aitwe mara ya tatu, aitike, yaishe. Hakutaka mali wala mume mwingine. Alikuwa akingoja mwito wake, na taa haikuwa ikimpa.

Suleiman alikuja alasiri moja, akapiga hodi kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kitanda cha barazani. Alikuwa mzito wa mwili na wa maneno pia.

"Shemeji, nimezungumza na imamu. Jambo la ndugu yangu laweza kupelekwa kwa kadhi, akahukumiwa kuwa amekufa. Utakaa eda yako, tutasoma hitima, naye atapumzika."

"Shemeji Suleiman," alisema Mbodze, "wewe umeona wapi mjane anakaa eda na mume anamwita?"

"Hiyo ni taa."

"Basi iambie inyamaze."

Suleiman alipangusa uso kwa kofia yake. Hakuwa mtu mbaya, wala mtu asidhani. Alikuwa amemlea Nzai tangu baba yao alipokufa, na kila taa ile ilipofifia, yeye akiwa nyumbani kwake ng'ambo ya njia, alisukuma sahani yake kando. "Nimekwisha piga simu Ukunda, ofisini kwa mradi," alisema. "Fundi anakuja. Itanyamaza, inshallah."

Mbodze aliinua macho kwenye glopu. Wataitengeneza. Wataifunga mdomo kabla haijasema la tatu.

Fundi aliyekuja alikuwa mwanamke, na Jumwa alilipata la kusimulia wiki nzima. Wayua jina lake, Mkamba aliyezaliwa kwenye mashamba ya Shimba Hills, ambako babu yake alifika na jembe na Biblia na akakataa kurudi Ukambani. Alivaa suruali yenye mifuko mingi na viatu vya kwenda vitani, lakini alivivua mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Wamesema taa yako inakusumbua."

"Hainisumbui mimi. Inawasumbua wao."

Wayua alicheka, akapanda kwenye kiti, akafungua glopu akaifunga, akafuata waya mpaka ukutani na kutoka nje. Akapima hiki, akapima kile. "Wiring iko sawa kabisa," alisema. "Ngoja basi niione ikifanya." Mbodze akampa chai na vitumbua, akakaa kwenye mbuzi yake akaendelea na nazi, na wote wawili wakangoja kama watu wanaomngojea mgonjwa hospitalini.

Jua liliposhuka ikafanya. Mara mbili, kisha ikatulia.

Wayua hakuitazama tena glopu. Alisimama mlangoni akatazama bahari, mpaka wimbi kubwa likanyanyua boya la mwisho, manjano yake yakionekana kwa mbali, na nyuma yake taa ikafifia, ikafifia. Wimbi jingine, vivyo hivyo. Mawimbi madogo hayakufanya kitu.

"Aa, nimeelewa," alisema, naye akafurahi kama mtu aliyepata sindano iliyopotea. "Mama, kuna kitu kimeshika mnyororo huko chini. Boya likipanda juu sana, mnyororo unakwama kwenye hicho kitu, unaachia, unakwama tena, unaachia. Ndiyo hiyo mara mbili yako."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu gani?"

"Mbona hakuna ya tatu?"

Wayua alimgeukia. Alikulia Shimba Hills, alicheza na watoto wa Kidigo, alifinywa sikio na mama zao kama walivyofinywa wao. Hakuhitaji kuelezwa. Alijibu polepole, akitazama mikono ya Mbodze. "Haiwezi kuwepo, mama. Ikikwama mara ya pili mnyororo umefika mwisho wake. Hauna tena nafasi ya kuvuta."

Mbodze aliweka kifuu chini. Kusi nzima alikuwa amengoja mwito wa tatu, na haukuwako. Haukuwako taani, na haukuwako jioni ile. Mtu aliye majini, maji yanampanda mdomoni, akiinua kichwa juu mara mbili akaita, ataitoa wapi pumzi ya tatu? Mwenye pumzi ya kuita mara tatu ni yule aliyesimama nchi kavu na haja yake ndogo, anataka chumvi, anataka kuazima ungo. Wanawafundisha watoto nini, ee Mola? Akajifuta mikono kwenye leso.

"Mtafanya nini?" aliuliza.

"Tunaukata mnyororo. Keshokutwa ni bamvua, maji yatakupwa sana, na mashua ya kazi inakuja na wapiga mbizi. Tunakata pale chini, tunafunga mpya. Wa zamani tunauacha uporomoke. Nyuma ya lile jiwe kuna shimo kubwa sana."

"Na hicho kilichoshika?"

"Kitaenda nao."

"Msikate," alisema Mbodze. "Nzai yuko humo."

Wayua hakucheka, wala hakubisha. Alivaa viatu vyake, akasema atawaambia wakubwa zake, na kweli aliwaambia. Wakubwa wakasema kuukata ni kazi ya dakika, kuuvuta wote juu ni kazi ya kutwa, na mashua ya watu haikai. Hata hivyo wakasema wenyewe waulizwe, wafiwa. Wakaulizwa, maana yake akaulizwa Suleiman, kwa kuwa ndiye mwanamume.

"Kateni," alisema Suleiman. "Ndugu yangu alikwenda kaskazini. Mtumbwi wake ndio shahidi. Hicho kinachomwita mjane wake kila magharibi sicho ndugu yangu, na mimi sitaki kukijua ni nini. Kateni kizame."

Siku ya bamvua maji yalikupwa mpaka bahari ikaonyesha mbavu zake. Wanawake walitoka mapema kwenda kwenye mwani, leso zimefungwa juu ya magoti, na Mbodze alikuwa kati yao. Walipofika kwenye mashamba yao wakainama. Yeye hakuinama. Alipita vigingi vyake, akapita vya Jumwa, akashika njia ya mwamba.

"Mbodze! Mbodze we! Mbodze, wenda wapi!" aliita Jumwa. Leo aliitwa mara tatu mchana kweupe, na hakugeuka.

Mwamba unakata. Chini ya majani kuna fuma, wale wadudu wa bahari wenye miiba kama nungunungu, kuna mashimo, kuna chaza wenye makali ya wembe. Alifika ukingoni nyayo zinatoka damu, akasimama mahali ambapo nchi inakwisha na bahari kubwa inaanza. Boya lilikuwa mbele yake, karibu kuliko alivyowahi kuliona, likipanda na kushuka. Mashua ilikuwa ubavuni mwake. Mpiga mbizi alikuwa ameketi ukingoni na mkasi mkubwa wa chuma mapajani, anavuta miwani yake. Wayua alikuwa mbele, Suleiman nyuma, amevaa koti la kuelea juu ya kanzu, uso kama wa mtu anayezika.

Likaja wimbi kubwa. Boya likapanda, likapanda, na kutoka chini ya maji Mbodze akasikia chuma kikisaga chuma. Kikanyamaza, kikasaga tena. Safari hii hapakuwa na waya wala glopu katikati. Alisikia kwa masikio yake yeye, pamoja na kifua chake na nyayo zake zilizokatika.

"Labeka!" aliitika.

Mpiga mbizi akageuza shingo.

"Labeka, Nzai! Labeka, bwana wangu! Nimekusikia!"

Upepo ulikuwa wa baharini. Kwa haki, sauti ile ingemrudia mwenyewe mdomoni. Lakini wote waliokuwa mashuani waliisikia, na Wayua husema mpaka leo kwamba ilisemwa sikioni mwake, kama mtu aliyeketi naye ubao mmoja. Mashambani kwenye mwani wanawake waliinuka wote. Jumwa alitia leso mdomoni. Ameitika! Ameitika mbele ya watu, macho makavu! Sasa atachukuliwa.

Suleiman alishika ubavu wa mashua kwa mikono miwili, akamkazia macho shemeji yake. Alikuwa akingoja. Alilofundishwa Mbodze, na yeye alifundishwa: aliyeitikia shetani hachelewi, hapo hapo huanguka, au hutembea akaingia majini kama anayevutwa mkono. Wimbi likaja, likavunjika kwenye mwamba, likamlowesha Mbodze mpaka kifuani. Likarudi. Yeye akabaki amesimama. Likaja la pili, likarudi. Amesimama, analia sasa, analia kwa sauti kama mwanamke yeyote aliyefiwa, pua inamtoka, leso imelowa, hakuna kinachomvuta.

Hapo Suleiman akaelewa, na kuelewa kwake kukamvunja. Aliketi chini sakafuni mwa mashua na kanzu yake nyeupe, katika maji na mafuta. Kama aliyeitikiwa si shetani, basi ni mtu. Na kama ni mtu leo, alikuwa ni mtu na siku ile. Yeye ndiye aliyesema alhamdulillahi.

"Msikate," alisema. "Vuteni."

"Mzee, lakini umesema..." alianza mpiga mbizi.

"Vuteni, nawaambia! Ndugu yangu huyo!"

Wayua alikuwa amekwisha mnyang'anya mkasi.

Walivuta mpaka maji yakaanza kujaa. Wanawake waliacha mwani wao ukielea wakaja mwambani, wakasimama na Mbodze, bahari ikiwapanda magotini, kisha mapajani, hakuna aliyerudi. Mnyororo ulipanda pingili kwa pingili, umevaa majani kama mnyama. Karibu na mwisho wake, kilikuja kile kilichoshika. Chuma cha kukwangulia kilikuwa kimejitia kati ya pingili mbili, na kamba imekizunguka, imezunguka mnyororo, imezunguka kilichobaki cha shati la buluu na mtu aliyelivaa. Kwa mwaka mzima wa bahari hakikubaki kingi. Kilichobaki kilitosha katika leso moja, na Jumwa ndiye aliyevua yake.

Walipofika mchangani, mpiga mbizi alitoa kisu ili aikate kamba. Fundo limekufa, alisema, halifunguki hata kwa koleo. Mbodze akamwomba asogee. Akapiga magoti, akapapasa chini ya majani na chaza, akapata mahali pake, akatia kidole kimoja. Fundo likafunguka.

Hapo ndipo wanawake walipoangua kilio, maana wote walilijua fundo lile, kila mmoja wao analifunga na kulifungua siku nzima bila kulitazama. Lilikuwa halijaharibika. Lilihitaji kidole chenye joto tu, si cha mtu aliyekwisha ganda kwa maji na mawimbi, au mtu wa kuja na kidole hicho upesi.

Walimzika alasiri ile ile. Binti yao, aliyeolewa Jego, aliwahi mwishoni. Usiku wa hitima Mbodze alimtuma mtu kwa imamu kumwuliza aanze lini eda, kwa kuwa sasa yuko tayari, amekwisha tia nguo zake za rangi sandukuni. Imamu akajibu kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku habari ilipofika. Yake ilikwisha zamani. Iliingia na kutoka yeye akikuna nazi.

"Ilikwisha?" aliuliza Mbodze. "Na mimi sikuijua?" Kisha akacheka, na wote waliokuwamo chumbani wakatamani asingecheka.

Mnyororo mpya umefungwa. Taa ya Mbodze siku hizi ni taa kama taa nyingine, inang'aa na wimbi na kusinzia na wimbi, na friza za safu ile zinanguruma vizuri. Wayua akipita Kibuyuni kukagua maboya hupiga hodi, huvua viatu, hunywa chai. Suleiman huja kila Ijumaa, hukaa ukingoni mwa kitanda cha barazani, huondoka.

Lakini Mbodze amekuwa na tabia nyingine. Anaitika. Umwite mchana, umwite magharibi, umwite gizani ukiwa nyuma ya ua humwoni wala hakuoni, mara ya kwanza tu, kabla jina halijaisha mdomoni mwako, "Labeka!" na amekwisha simama. Watoto wameonywa wasimwige. Jumwa alimgombeza, akamshika mkono akamwambia, "We mwanamke, magharibi hii, hujui nani anakuita!"

"Kama ni shetani na anichukue," Mbodze alimjibu. "Kama ni mtu, hana pumzi ya tatu."

Hilo watu wangelizoea. Wanadamu huzoea. Wasichokizoea ni kwamba nyakati nyingine anaitika na hakuna aliyeita. Anakuna nazi yake nyuma ya nyumba, taa imetulia, bahari imetulia, mara wanasikia, "Labeka." Kimya kidogo. "Labeka." Na juzi, anasema Jumwa, alipokwisha kuitika mara ya pili alisimamisha mikono, akainua kichwa, akangoja kwa muda mrefu. Kisha uso ukamfunguka kama wa bibi arusi, akaitika ya tatu.

Jumwa amehamisha jiko lake upande wa pili wa nyumba.